Shajara ya mradi: kuchagua mtaa wa nyumba yetu ya kwanza kwa bajeti ndogo

Januari

Mradi wa kununua nyumba yetu ya kwanza umeanza rasmi mwezi huu, na mimi na mume wangu tumekubaliana kwamba tutachagua mtaa kabla ya kuingia ndani ya nyumba yoyote. Mwenye bajeti ndogo hapati kila kitu kwa mkupuo mmoja, hivyo hana budi kujua kipi kinaweza kusubiri na kipi hakiwezi. Jiko la zamani linaweza kubomolewa baada ya miaka 5, paa linaweza kuezekwa upya, dirisha linaweza kupanuliwa na chumba kinaweza kuongezwa pale ambapo kiwanja na kanuni za ujenzi zinaruhusu. Umbali wa kwenda kazini, mkondo wa maji ya mvua, kelele za barabara kuu na shule zilizo jirani ni mambo ambayo mwenye nyumba huyakuta na huyaacha. Kwa bajeti yetu tumeamua kununua mahali kwanza, kuta tutazishughulikia kidogo kidogo.

Tulianza kwa kuweka kikomo cha malipo ya mwezi badala ya kikomo cha bei, maana bei haimwambii mtu wa mkopo atatoa kiasi gani mfukoni. Mkopo wa miaka 20 wenye riba isiyobadilika ya asilimia 8 kwa mwaka humfanya mkopaji arudishe, hadi mwisho, karibu mara 2 ya fedha alizochukua, na riba ikiwa asilimia 12 anamaliza amerudisha zaidi ya mara 2.6. Tukapiga pia hesabu ya riba inayobadilika: ikipanda kutoka asilimia 8 hadi 10 mwanzoni mwa mkopo huohuo, malipo ya mwezi huongezeka kwa takriban asilimia 15. Mtaa wowote ambao nyumba zake zingetulazimisha kukopa hadi ukingoni, kiasi kwamba ongezeko hilo lingetushinda, tumeuondoa, hata kama ni mtaa mzuri. Sehemu ya akiba tumeitenga kwa ajili ya ushuru wa uhamisho, ada za wakili na mthamini, ukaguzi wa nyumba na matengenezo ya mwaka wa kwanza, na fedha hizo hatuzihesabu kamwe katika malipo ya awali.

Baada ya mchujo huo imebaki mitaa minne, ambayo katika shajara hii naiita kwa sifa inayoonekana haraka zaidi. Pembezoni uko mbali na katikati ya mji, lakini una nyumba kubwa na mpya. Kituoni una nyumba kongwe, ndogondogo, zilizo karibu na kituo cha treni. Bondeni uko karibu na kila kitu na bei zake ziko chini kuliko mtu angetarajia. Shuleni una bei za juu kwa sababu ya shule inayosifiwa, na huko tungemudu nyumba ndogo kabisa tu.

Februari

Mwezi mzima umekwenda kwenye suala la umbali, na nadhani ndipo unapostahili kwenda, kwa sababu hapa ndipo wanunuzi wengi wa kipato cha kati huvutwa na bei ya chini bila kuuliza imetoka wapi. Mwaka 1826 Johann Heinrich von Thünen, mchumi na mwenye shamba wa Ujerumani, alieleza kwamba thamani ya ardhi hushuka kadiri inavyokuwa mbali na soko, kwa kuwa gharama ya kusafirisha mazao hula faida ya mkulima. Mwaka 1964 William Alonso aliihamishia hoja hiyo mjini, na mahali pa mazao akaweka watu wanaokwenda kazini kila siku. Tukiisoma Pembezoni kwa jicho hilo, unafuu wake wa bei ni nauli, mafuta, matairi na saa za usingizi ambazo mnunuzi atazilipa mwenyewe barabarani baada ya kukabidhiwa ufunguo.

Kwa hiyo tumeacha kulinganisha bei, na badala yake tunalinganisha jumla ya gharama ya mwezi. Katika jumla hiyo tumeweka malipo ya mkopo, usafiri wa watu wazima wawili na mtoto mmoja, kodi ya majengo, bima, ada ya huduma za pamoja pale inapotozwa, na nishati ya kupasha au kupoza nyumba kulingana na ukubwa wake. Matokeo yamebadilisha mpangilio wa orodha. Pembezoni, ambao kwa bei ya kila mita ya mraba ulikuwa ukiongoza, umeshuka hadi nafasi ya tatu, na kilichoushusha zaidi ni gari la pili, kwa kuwa kule mmoja wetu hawezi kufika kazini wala kumfikisha mtoto shuleni bila gari lake mwenyewe. Gari huchakaa na kushuka thamani tangu siku linaponunuliwa, ilhali fedha hizohizo zikiingizwa kwenye mkopo wa nyumba zinapunguza deni. Familia ambayo tayari ina magari mawili kwa sababu nyingine itapata jibu tofauti na letu, na familia ambayo watu wake wanafanyia kazi nyumbani huenda ikaona Pembezoni ndio mtaa bora kuliko yote.

Muda nao tumeupa nafasi yake katika hesabu. Safari ikizidi kwa nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, mtu hupoteza saa 1 kwa siku, na kwa mwaka wenye siku 240 za kazi hizo ni saa 240, sawa na siku 30 za kazi za saa 8. Wachumi Alois Stutzer na Bruno Frey, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2008 kwa kutumia takwimu za kaya za Ujerumani, waliona kwamba wenye safari ndefu za kazini walikuwa na kiwango cha chini cha kuridhika na maisha, ingawa nadharia ingetarajia kwamba mshahara mkubwa au nyumba bora ingewafidia. Matokeo hayo yalimgusa mume wangu kuliko takwimu zangu zote za mafuta, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akisema kwamba mtu huzoea.

Tumeweka pia kanuni ya kupima safari: mlango hadi mlango, asubuhi ya siku ya kazi, kwa chombo kilekile tutakachotumia, pamoja na kutembea hadi kituoni na kusubiri. Pale ambapo basi hupita kila baada ya dakika 30, anayefika kituoni bila kufuata ratiba husubiri kwa wastani dakika 15, na dakika hizo hazimo kwenye muda ambao dalali anautaja. Njia inayopita mara chache ina tatizo jingine zito zaidi, nalo ni kwamba basi moja lisipotokea siku imeharibika. Kituoni umepata alama kubwa kwa sababu una treni na basi, hivyo njia moja ikikatika nyingine inabaki.

Machi

Tumeshughulikia suala la shule kwa haraka kuliko tulivyopanga, kwa sababu utafiti mmoja ulitusaidia kulielewa. Mwaka 1999 mchumi Sandra Black alichapisha matokeo kuhusu jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ambamo alilinganisha nyumba zilizo pande mbili za mpaka wa maeneo ya shule, ili mtaa uwe uleule na shule tu ndiyo itofautiane. Aliona kwamba wazazi walikuwa tayari kulipa takriban asilimia 2.5 zaidi kwa upande ambao alama za mitihani zilizidi kwa asilimia 5. Shule, basi, ina bei yake ndani ya bei ya nyumba, na mnunuzi hulipa sehemu hiyo awe na mtoto au asiwe naye.

Tofauti ya bei kati ya Shuleni na ukingo wa Kituoni unaopakana nao ni kubwa mno kuweza kuelezwa na shule peke yake. Tulipouliza ofisi husika tulielezwa kwamba mpaka wa eneo la shule unaweza kuchorwa upya idadi ya wanafunzi inapobadilika, na mimi siko tayari kukopa kwa miaka 20 kwa ajili ya mstari ambao mamlaka inaweza kuuhamisha. Shule ya Kituoni tumeitembelea, tukaongea na walimu na wazazi langoni, na tumeridhika nayo. Shuleni unabaki kama akiba, endapo nyumba ya bei nafuu itatokea.

Aprili

Bondeni ulikuwa na jumla ya gharama ndogo kuliko mitaa mingine yote, hata baada ya hesabu za Februari, na kwa sababu hiyohiyo tuliuchunguza kwa makini zaidi. Mtaa ulio karibu na kazi, soko na hospitali haukosi wanunuzi bila sababu.

Nyumba tuliyoonyeshwa ilikuwa imepakwa rangi mpya ndani na nje, na sakafu yake ilikuwa na vigae ambavyo bado vilikuwa na vumbi jeupe la saruji kwenye maungio. Karibu na mlango kulikuwa na kabati dogo la mita ya umeme, na fundi wa rangi hakuwa ameligusa ndani. Nilipolifungua niliona mstari wa kahawia ulionyooka kama uliochorwa kwa rula, ukipita ukutani kwa usawa wa goti. Juu yake saruji ilikuwa ya kijivu safi, na chini yake ilikuwa imekolea, na kwenye vichwa vya skrubu zilizoshika kisanduku kulikuwa kumeganda matope laini yaliyokauka. Tuliagana na dalali kwa adabu, kisha tukaenda kumsalimia mama mmoja mtu mzima aliyekuwa ameketi barazani kwake, nyumba ya pili kutoka hapo. Nilimuuliza, “Mama, maji hufika hadi hapa?” Akanijibu, “Mwanangu, maji ya huku hayapigi hodi. Mvua ikikaza tunapandisha magodoro juu ya meza, tunasubiri yashuke.” Hakuwa akilalamika, kwani ameishi hapo maisha yake yote na nyumba hana deni nayo. Sisi tungeingia na deni la miaka 20.

Mafuriko yenye uwezekano wa asilimia 1 kutokea katika mwaka wowote yanaonekana kuwa jambo la mbali, lakini katika kipindi cha miaka 30 uwezekano wa kuyakuta angalau mara moja ni takriban asilimia 26. Hiyo ni zaidi ya nafasi moja katika nne, na uwezekano wa pale Bondeni ni mkubwa kuliko huo, kwa maana wakazi huyataja mafuriko kama jambo la kawaida. Kumbukumbu za zamani nazo hazitoshi kumlinda mnunuzi, kwa sababu kadiri sehemu za juu za mji zinavyojengwa na kusakafiwa, mvua ileile hutiririka kwa kasi zaidi na kwa wingi zaidi kuelekea bondeni, hivyo mtaa ambao wazazi walikaa mkavu unaweza kulowa zamani za watoto wao.

Tulifikiria sehemu ya juu ya Bondeni, ambayo kwa mujibu wa ramani ya mwinuko haifikiwi na maji, lakini barabara pekee ya kuingia huko hupita kwenye sehemu inayofurika, na nyumba kavu isiyofikika wakati wa mvua haimsaidii mwenye mgonjwa ndani. Zaidi ya hayo, kampuni za bima hupandisha ada au hukataa kabisa maeneo ya namna hii, na benki isiyopata bima inayoitaka haitoi mkopo. Hata tukiyavumilia maji, siku ya kuuza tutakutana na mnunuzi mwenye tatizo hilohilo la bima na mkopo. Bondeni tumeuondoa. Kwa wengine ningeshauri jambo moja tu hapa: fungueni makabati madogo, angalieni nyuma ya milango na chini ya ngazi, mahali ambapo rangi mpya huwa haifiki.

Mei

Kituoni una treni, na treni ina kelele, kwa hiyo mwezi huu tumeuzuru mtaa huo usiku. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2018 kwa ukanda wa Ulaya, lilipendekeza kelele za reli zisizidi wastani wa desibeli 54 kwa mchana, jioni na usiku kwa pamoja, na desibeli 44 kwa usiku peke yake. Programu ya simu haiwezi kutoa kipimo cha kitaalamu, lakini inatosha kulinganisha sehemu moja na nyingine kwa simu ileile. Sauti ya chanzo kirefu kama barabara yenye magari mfululizo hupungua kwa takriban desibeli 3 tu kila umbali unapoongezeka maradufu, na kwa sababu hiyo kusogea mita chache hakusaidii sana, ilhali safu ya nyumba inayosimama katikati husaidia sana. Safu inayoitazama reli tumeiondoa, na tunatafuta kuanzia safu ya tatu kwenda nyuma.

Kuhusu usalama, takwimu za matukio kwa kila mtaa zilitaka kututisha bure. Kituoni una wizi mwingi kwenye takwimu kwa sababu maelfu ya watu hupita kituoni kila siku, na simu ikiibwa pale huhesabiwa kwa mtaa ambao aliyeibiwa haishi. Tulichotaka kujua ni wizi wa kuvunja nyumba, na hapo Kituoni hauzidi Pembezoni. Kutembea usiku kulituonyesha mengine ambayo karatasi haisemi: taa za barabarani zinazowaka, maduka yanayofungwa kwa kuchelewa na kina mama wanaorudi kazini peke yao bila kuharakisha mwendo.

Juni

Nyaraka za mipango miji zinachosha kusoma, lakini zinaokoa fedha. Kwa kila sehemu tuliyobaki nayo tumetafuta mambo matatu: matumizi yanayoruhusiwa ya viwanja vilivyo wazi, urefu wa majengo unaoruhusiwa, na hifadhi ya barabara. Kiwanja chenye majani mabichi mbele ya nyumba ni mandhari nzuri mpaka mtu ajue kimetengwa kwa ajili ya ghala. Upande wa mashariki wa Kituoni kuna safu ya nyumba zenye bei ya kuvutia ambazo nyua zake za mbele zimo ndani ya hifadhi ya barabara, na upanuzi ukifanyika ukuta wa barabara utakuja karibu na dirisha la sebule. Safu hiyo nayo imeondoka.

Jambo jingine tulilojifunza kutoka kwa mhandisi tuliyemlipa kwa ushauri wa saa chache ni kusoma nyufa kwa mtaa mzima. Udongo wa mfinyanzi huvimba ukilowa na husinyaa ukikauka, na nyumba iliyo juu yake huinuka na kushuka bila usawa, hivyo nyufa hutokea za mshazari kutoka kwenye pembe za madirisha au hupanda ngazi kwa ngazi kufuata maungio ya matofali. Nyumba moja ikipasuka peke yake, kasoro huenda ni ya fundi, bomba linalovuja au mti mkubwa ulio karibu mno na msingi. Nyumba nyingi za safu moja zikipasuka kwa namna ileile, wa kulaumiwa ni udongo, na udongo hauna fundi. Tulitembea Kituoni tukitazama kuta za majirani, na tukaona kwamba sehemu ya kusini ina nyufa za mshazari nyumba hadi nyumba, wakati sehemu ya kaskazini, inayopakana na Shuleni, kuta zake zimetulia ingawa nyumba ni kongwe zaidi.

Julai

Tumekata shauri. Mume wangu aliendelea kuitetea Pembezoni kwa sababu ya nafasi, na hoja yake ina uzito: mtoto akikua atahitaji chumba, na wazazi wetu wakija kukaa nasi watahitaji chumba kingine. Tulikaa tukapanga ni chumba kipi kinaweza kuongezwa kwenye nyumba ndogo ya Kituoni, kwa gharama gani na baada ya miaka mingapi ya kuweka akiba, tukitumia fedha ambazo Pembezoni zingekwenda kwenye gari la pili. Hesabu ilionyesha kwamba chumba hicho kinawezekana kabla mtoto hajamaliza shule ya msingi. Jambo lililommaliza ubishi, kwa maneno yake mwenyewe, ni kwamba Kituoni tunaweza kuongeza chumba lakini Pembezoni hatuwezi kuongeza treni.

Tulikuwa tumetengeneza jedwali la alama lenye uzito kwa kila kigezo, na sikulifuata katika uamuzi wa mwisho. Jedwali hujumlisha vitu visivyojumlishika, na mtaa unaofurika unaweza kupata alama nzuri kwa sababu uko karibu na soko. Tulilitumia kuuliza maswali, kisha tukatenganisha mambo yanayoufuta mtaa moja kwa moja, kama maji, udongo, hifadhi ya barabara na mkopo wa ukingoni, na yale ambayo mtu anaweza kubadilishana nayo, kama ukubwa wa nyumba, umri wake na uzuri wa barabara.

Mtaa wetu ni Kituoni, sehemu ya kaskazini, kuanzia safu ya tatu kutoka kwenye reli.

Agosti

Tumetoa ofa kwa nyumba ya vyumba viwili yenye jiko la zamani, bafu linalohitaji mabomba mapya na ua wa nyuma unaotosha chumba kimoja cha kuongeza. Ofa iko chini ya bei iliyotangazwa kwa kiasi kinacholingana na makadirio ya fundi kuhusu bafu na waya za umeme, na ina masharti mawili: hati miliki ichunguzwe na wakili wetu kwenye masjala ya ardhi na ikutwe haina deni wala zuio, na mkaguzi huru athibitishe hali ya msingi, paa na bomba la maji taka hadi linapoungana na la mtaa. Muuzaji amekubali masharti yote na anataka tufunge mkataba kabla ya mwezi kuisha, lakini wakili wetu ameshauri tusitie sahihi mpaka majibu ya masjala yafike, na tutamsikiliza.

Ripoti ya mkaguzi imefika kwa upande wa paa na msingi, na hali yake ni nzuri kwa umri wa nyumba. Bomba la maji taka litapimwa kwa kamera wiki ijayo. Likikutwa limepasuka, tutaomba gharama yake ipunguzwe kwenye bei, na muuzaji akikataa kuna nyumba nyingine barabara hiyohiyo ambayo tayari tumeiomba kuiona.